Namba ya Bure ya Mwanaheri

Mwanaheri binti Selemani alifika Makambako akiwa mke wa dereva wa lori. Dereva alipokwenda Zambia na asirudi, yeye hakurudi kwao Lindi. Alibaki. Alipanga chumba karibu na stesheni ya reli, akawa anakaanga samaki na kuwauzia abiria kupitia madirisha ya treni. Habari hiyo kila mtu wa Makambako anaijua, na wanapoisimulia hutikisa kichwa, kana kwamba kubaki mahali ni kazi kubwa. Mimi nimebaki Njombe maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunitikisia kichwa.

Biashara ilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua mazao, Mwanaheri aliacha samaki akaingia kwenye maharage, kisha viazi. Alikodi ghala, akakodi lori, akajenga nyumba yenye baraza la sakafu nyekundu. Miaka ile ninayoizungumzia, minara ya simu ilikuwa imeanza kuota vilimani kwetu, na yeye alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye jino moja la dhahabu, hina kwenye kucha na sauti ambayo wapakiaji wa viazi walikuwa wakiisikia juu ya injini. Nyumba yake ilinukia udi hata siku za mvua. Hayo yote niliyaona siku ya kwanza, kabla hajanikaribisha kiti.

Nilikuwa wakala wake upande wa Uwemba. Nazunguka kwa wakulima, nakusanya viazi, lori linakuja kuchukua. Kazi ilikwenda vizuri na sikuwa na neno naye. Neno lilianza mume wangu alipofariki.

Mwanaheri alikuja msibani. Alikaa na wanawake jikoni, akamenya viazi kama sisi, na wenzangu wakamsifu. Lakini mimi nilimwona anavyomtazama binti yangu Idda. Idda alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakumpeleka mbele. Siku ya kuondoka, Mwanaheri alinishika mkono akasema, "Mama Idda, nipe huyu mtoto anishikie simu. Wateja wangu wa Dar wananichanganyia Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye gudimoning."

Nikamwambia, "Kwa muda."

"Kwa muda," akasema.

Muda huo ulirefuka. Pasaka ya kwanza Idda alikuja nyumbani amejifunga kanga kipwani, akasema maharage yangu yanataka nazi. Nazi, Njombe! Akatia iliki kwenye chai bila kuniuliza. Jikoni alikohoa, akasema, "Kule kwetu tunapikia jiko la mkaa, halina moshi hivi." Nikamuuliza kwetu wapi. Akacheka, akasema ulimi umeteleza. Mimi sikucheka. Ulimi huteleza kuelekea mahali unakokaa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba masista wa Uwemba wanatafuta msichana wa kukaa mapokezi ya zahanati, nilikwenda mwenyewe. Niliwaomba wamshikie Idda nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Sikumwambia Idda. Nilitaka kwanza kazi ya Makambako imwishie yenyewe, asije akasema mama ndiye aliyemvunjia. Na mwezi ule ule, kama kwa kuitwa, likaja jambo la simu.

Nalieleza vizuri, maana ndilo lililoamua yote. Mwanaheri alikuwa na mawakala wanne: mimi, Marcelino wa Mlangali kwenye maharage, Manase wa Makete kwenye viazi, na Hilari wa Ludewa, naye kwenye viazi. Kila asubuhi tulitakiwa kujua bei ya siku kabla hatujanunua kwa wakulima. Mwanzoni alitumia redio koli ya wasafirishaji, lakini redio ile husikika na kila mwenye redio, na wanunuzi wengine walikuwa wakidaka bei yake na kumwahi. Simu za mkononi zilipofika akaona amepona. Hakupona. Wakala gani atatia vocha yake ili aulize bei? Sote tulikuwa tunambipu. Asubuhi simu yake ililia na kukatika, kulia na kukatika, mpaka Hassani, dereva wake, akawa anasema bosi anafuga chiriku. Ikabidi yeye atupigie mmoja mmoja. Akimaliza na Hilari, bei aliyompa Manase imeshabadilika. Kisha Manase na Hilari wanapigiana, wanalinganisha, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye anayependwa.

Ni Idda aliyeleta wazo. Alikuwa amesikia kwa wateja wa Dar kwamba kuna namba ya bure: anayepiga halipi, analipa mwenye namba. Na kwamba namba hiyo inaweza kufanywa ya mkutano, watu wanapiga kutoka kokote na wote wanasikilizana kwa wakati mmoja, mradi kila mmoja ana namba ya siri ya kuingilia. Wengine hawawezi kudaka. Bei inasemwa mara moja, na kila wakala anasikia kwamba mwenzake amesikia.

Walikuja watu wawili kuuza huduma hiyo, siku moja, na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka viazi vya kuonyesha, ingawa hakuna aliyeviomba.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Dar, Msafiri, viatu vyake viking'aa hata kwenye vumbi la Makambako. Laini yake, alisema, ina sauti safi kama mtu yuko chumba cha pili. Malipo ni kwa dakika, na kwa kila kichwa kilichomo. Usipoongea hulipi.

Wa pili, Damiano, mtu mzima kutoka Mbeya, alikuja na mkoba wa ngozi na mafua. Laini yake ilikuwa ya malipo ya mwezi, uongee usiongee. Lakini alikiri mwenyewe kwamba sauti si nzuri. "Mama, sitakudanganya. Ni kama mtu anaongea ndani ya pipa."

"Pipa tupu au lenye mafuta?" Mwanaheri akamuuliza.

"Nusu nusu."

Watu wakacheka. Idda alikuwa amekaa kwenye mkono wa kiti cha Mwanaheri, akiuliza maswali ya maana: laini ikikatika katikati inakuwaje, nani anafungua mkutano, wanaweza kuingia wangapi. Nilijifunza siku ile kwamba mkutano wa namna hii lazima uwe na mwenyekiti. Mwenyekiti ana namba yake ya siri peke yake, na asipoingia yeye, wengine wote wanasikilizishwa muziki tu.

"Mwenyekiti ni huyu," Mwanaheri akasema, akimgusa Idda goti. "Mimi naweka bei, mwanangu anaendesha."

Mwanangu. Nikatazama viazi vyangu.

"Mama, unaonaje?" Idda akauliza, na kabla sijafungua mdomo Mwanaheri akajibu, "Mimi naona tuanze na huyu wa sauti safi." Hakuona kwamba huenda swali lilikuwa langu. Idda naye akaendelea kana kwamba swali lilikuwa limefika lilikotumwa. Mpaka leo sijui lilitumwa wapi, na sikuuliza.

Nikasema tu, "Mimi naona redio koli ilitosha."

"Redio koli, Mama Idda?" Mwanaheri akasema. "Ile ambayo nikipiga chafya Makambako, Songea wananiambia afya?"

Wakacheka tena. Hata mwenye mafua alicheka.

Msafiri alitoa asubuhi moja ya majaribio. Nilitoka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe ambako mtandao hukamata, nikabonyeza kama Idda alivyonifundisha. Sauti ya mwanamke ikanikaribisha kwenye mkutano. Ikalia kengele ndogo, na hapo nikamsikia binti yangu wazi kabisa, kama yuko jikoni. "Nani ameingia?"

"Mama yako."

"Kamwene, mama!" akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Umeamkaje?"

Kabla hajajibu, kengele. Ni Marcelino, amepanda kilima nyuma ya kanisa huko Mlangali, anahema. Sasa mtu wa kwetu hawezi kuingia mahali penye watu akaanza kuuliza bei. Marcelino akanisalimu, akauliza nyumba, akauliza mahindi, akanipa pole upya ya mume wangu kwa sababu tangu msiba hatukuwa tumeongea. Nikapokea. Nikamuuliza mama yake mgonjwa. Kengele, Manase huyo. Manase akasalimu wote, na sote tukaanza upya, maana salamu ya mtu mpya huwezi kuiitikia nusu. Ng'ombe wake alikuwa amezaa. Tukampongeza. Marcelino akauliza ni dume au jike. Kengele, Hilari. Hilari ni mzee wetu, kwa hiyo ilibidi shikamoo ziende moja moja, na yeye anauliza watoto kwa majina.

"Jamani, bei!" Mwanaheri akasikika. "Bei, jamani!"

"Mama, hata wewe hujambo?" Hilari akamwambia kwa upole. "Hatujakusikia salamu yako."

Muda wa majaribio uliisha tukiwa kwenye ng'ombe. Bei haikutajwa. Msafiri alipomwonyesha Mwanaheri zile dakika zingegharimu nini, kila kichwa na zake, Idda aliniambia jino la dhahabu lilifichika kutwa nzima.

Asubuhi ya pili, sasa kwa pesa yake, Mwanaheri akaweka amri: hakuna salamu. Mtu aingie, anyamaze, asikie bei, atoke. Tuliingia. Kengele zikalia. Kimya, hata nilisikia upepo wa Mlangali kwenye simu ya Marcelino. Mwanaheri akasoma bei. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa Marcelino, mwishoni: "Sawa."

Nilimjua Marcelino. Ile sawa yake niliisikiliza vizuri.

Jioni yake maharage ya Mlangali yote yalipakiwa kwenye lori la mtu mwingine. Mwanaheri alimpigia Marcelino, na majibu yake alituhadithia Hassani: "Mama, wakulima wangu wanakupa mzigo kabla hujawalipa. Mtu asiyeweza kunijulia hali asubuhi, nitawaambiaje wamwamini?" Manase naye akawa hapatikani. Hilari alisema ana jino linamsumbua.

Nilifurahi. Siandiki hivi kwa kujipiga kifua, naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilianika godoro la Idda juani. Nilifua mapazia ya chumba chake. Niliona yule mwanamke wa baraza jekundu ameshindwa na kitu ambacho sisi tunacho bure na yeye, pamoja na jino lake, hanacho. Nikahesabu kwamba laini itakufa, Idda atarudi, na kabla ya mwisho wa mwezi atakuwa amekaa mapokezi Uwemba amevaa sweta la bluu.

Jumamosi gari likasimama nje. Mwanaheri mwenyewe, na Idda pamoja naye. Idda alinikumbatia kisha akatoka kuwasalimu majirani. Mwanaheri akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa, na moshi ukamtoa machozi. Sikulisogeza jiko.

"Mama Idda," akasema, "hunipendi."

"Nani kasema?"

"Macho yako. Tangu kwenye viazi vile."

"Viazi vilikuwa vizuri."

"Vilikuwa vizuri sana. Tulivila." Akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Sikiliza. Nimeachana na yule wa viatu. Namchukua mwenye pipa. Yeye ni kwa mwezi, mkisalimiana mpaka adhuhuri gharama ni ile ile. Lakini mimi salamu zenu siziwezi. Kwetu tunaulizana hali, tunaulizana habari, tumemaliza. Nyinyi mnafika mpaka kwenye zizi."

"Ng'ombe alikuwa amezaa."

"Najua alikuwa amezaa! Usiku nilimwota." Alicheka, na mimi nikauma mdomo nisicheke. "Nataka mtu wa kuwapokea. Aingie mapema, awasalimu wote kwa niaba yangu, awaulize wagonjwa, ampongeze ng'ombe. Wakishatulia, ndipo niingie niseme bei. Nimemjaribu Idda. Kibena chake ni cha kuombea maji tu, na hao wazee hajui misiba yao. Nani alimlea huyu?"

"Nilimlea kwa Kiswahili ili afaulu."

"Na hakufaulu, na Kibena hakijui. Basi ni wewe. Marcelino ameniambia, 'Mama Idda akiwepo, narudi.' Hilari jino limepona aliposikia jina lako."

Niligeuza kuni. "Nikikataa?"

Hapo hakucheka. "Ukikataa sina mawakala. Sina mawakala, sina laini. Idda nitakurudishia. Sina kazi nyingine ya kumpa mtoto aliyesoma, na sitamweka kwenye kumenya vitunguu. Nitakurudishia na nitalia, lakini nitakurudishia."

Ndicho nilichokuwa nikikiomba. Kilikuwa kimekaa mbele yangu, kwenye kigoda changu, kinatokwa machozi ya moshi. Lilikuwa limebaki neno moja tu.

Nikainuka kana kwamba natafuta chumvi, nikachungulia dirishani. Idda alikuwa ukutani kwa jirani yetu Jenifer, wanawake wamemzunguka. Alikuwa anawaeleza ile laini. Mkono mmoja alikuwa Marcelino, mwingine Manase, na kidole alichokiweka katikati ya kifua kilikuwa yeye mwenyewe, mwenyekiti, anafungua mlango wote waingie. Alikuwa akicheka mpaka kichwa kinaangukia nyuma. Tangu baba yake alipolala kitandani nilikuwa sijauona uso ule. Ndipo wivu uliponikaba kweli, maana aliyempa uso ule si mimi, na ukiondolewa, atakayeuondoa ni mimi. Mapokezi angekaa. Angekaa vizuri, angewaandika wagonjwa, na kila siku angejua nani alimleta pale.

Nikarudi jikoni.

"Nina sharti," nikasema.

"Sema. Malipo?"

"Si malipo. Laini aifungue Idda. Mimi niingie wa kwanza, kabla ya Marcelino na kabla ya wote, tuwe wawili tu kwa muda. Na wewe usiingie mpaka niseme ingia."

"Kwenye laini yangu?"

"Kwenye laini yako."

"Ninayoilipia mimi?"

"Unayoilipia wewe."

Alinitazama sana. Kisha jino likaonekana. "Una roho mbaya wewe, Mama Idda."

"Ninayo."

"Na mimi ninayo. Basi tutafanya kazi." Akainuka, akajikung'uta majivu. Mlangoni akageuka. "Unajua kwamba usiku Idda anaota anakuita? Anasema Kibena chake kile cha maji. Mimi nalala chumba cha pili, nasikia. Nimekaa naye muda wote huu, hajaniota hata mara moja." Akatoka. Alivyokuwa mwerevu yule mwanamke, sijui kama ilikuwa kweli au alijua tu nini kingenishika. Jumatatu nilikwenda Uwemba nikawaambia masista wampe nafasi mtu mwingine.

Mwanaheri aliendesha laini ile miaka mingi. Wanunuzi waliokuwa wakimwahi kwenye redio koli waliachwa nyuma, naye akaongeza lori la pili, kisha la tatu. Watu wa Makambako wakimsimulia siku hizi, wanasema alikuwa wa kwanza mji ule kuwa na namba ya bure, na wanatikisa kichwa. Hawasemi kwamba kila asubuhi alikaa kwenye baraza lake jekundu, simu mapajani, akingoja aruhusiwe kuingia.

Mimi nilikuwa jiweni nyuma ya nyumba, shali kichwani, ukungu bado haujainuka. Nabonyeza. Kengele. Sauti inakuja kutoka ndani ya pipa, lakini ni ya mwanangu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umelalaje?"

Ananiambia. Mafua, ndoto, kiatu kilichokatika, kijana mmoja wa stesheni ambaye hataki kumtaja jina. Mambo ambayo akiwa nyumbani hakuwahi kuniambia, maana nyumbani nilikuwa namtazama sana. Nyuma yake nasikia kijiko kikigonga kikombe, na kikohozi ninachokijua.

"Mwanangu," Mwanaheri anaita kwa mbali, "bado tu? Lori linanguruma."

Na Idda, bila kuziba simu, anamjibu: "Ngoja kidogo. Naongea na mama."

Hapo namuuliza habari za mguu wa Hassani. Namuuliza kama mvua imenyesha Makambako. Namuuliza kuku wa Mwanaheri wanatagaje, na nasikiliza jibu lote.